Nani Kasema "Love" na "Have" Si Vina?

Ukitafuta vina kamili vya neno love kwa Kiingereza cha London, unapata vinne: above, dove, glove na shove. Juu, njiwa, glavu na kusukuma. Kuna vijineno vya pembeni, jina la ua hapa, lugha ya vijiweni pale, lakini mshairi anayetaka kufanya kazi ya maana ana hivyo vinne tu, na shove yenyewe ni ngumu kuingiza kwenye shairi la mapenzi bila kuchekesha watu. Ndiyo maana njiwa wamejaa kwenye mashairi ya mapenzi ya Kiingereza. Si ati Waingereza wanampenda njiwa kuliko ndege wengine. Ni shida ya vina.

Kwa mtu aliyelelewa na vina vya Kiswahili, umaskini huu ni wa kushangaza. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano. Mapenzi unaweza kuyafunga na simanzi, majonzi, ulinzi, mwanzi, panzi, hata inzi ukiwa na roho ngumu. Mshairi wa Kiswahili halalamiki kwamba vina havipatikani. Shida yake ni kwamba anatakiwa kuvipata mara nyingi mno. Mtunzi wa utenzi anafunga kila ubeti kwa sauti ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na Mwana Kupona alifanya hivyo kwa beti zaidi ya mia moja. Mwingereza yeye anahangaika kupata neno la pili tu.

Lakini hebu tusichanganye mambo. Kina cha Kiingereza na kina cha Kiswahili si mnyama mmoja. Kwa Kiingereza, kina kamili huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno, na konsonanti inayotangulia irabu hiyo inatakiwa kuwa tofauti. Leave na believe humfanya mhakiki mkali akunje uso kwa sababu l ni ile ile pande zote mbili: anaona mshairi amerudia sauti badala ya kutafuta nyingine. Kiswahili kinadai kinyume kabisa. Silabi ya mwisho irudi nzima, konsonanti na irabu yake, na mkazo hauna kazi hapo kwa sababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Penda na ganda ni vina safi kwa mujibu wa arudhi aliyoiweka Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kwa sikio la Mwingereza, hayo ni maneno mawili yaliyofanana mkia tu.

Ninaeleza haya kwa sababu wanafunzi wengi wa Kenya wanajifunza vina mara mbili, kipindi cha Kiswahili na kipindi cha Kiingereza, na hakuna anayewaambia kwamba wamebadilishiwa mchezo katikati.

Sasa, mshairi wa Kiingereza aliyechoka na njiwa anafanya nini? Anaenda kwenye kina ambacho hakijatimia. Kiswahili tuna neno zuri la hili. Shairi lililovunja arudhi tunaliita guni, na mimi nitaviita hivi vina guni, ingawa neno hilo lina harufu ya lawama na ninachotaka kusema ni kwamba lawama hiyo mara nyingi haina mashiko.

Guni la kwanza ni la macho. Love, move, prove: zote zinaishia ove, ukizitazama unaona ndugu wa tumbo moja, ukizisema wanatengana. Katika soneti ya 116 ya Shakespeare, love imefungwa na remove, na mistari miwili ya mwisho inafunga proved na loved. Wasomaji wengi wamefundishwa kusamehe hapo: mzee alikuwa anaandikia macho. David Crystal, mtaalamu wa lugha aliyeshirikiana na ukumbi wa Globe mjini London mwaka 2004 kuigiza Romeo and Juliet kwa matamshi ya enzi hizo, anasema hapana. Kwa maoni yake maneno hayo yalikuwa vina kamili masikioni mwa watu wa wakati ule, na mojawapo ya ushahidi anaoutegemea ni sarufi ya Ben Jonson iliyochapishwa 1640, inayoweka love na prove katika kundi moja la sauti. Shakespeare hakuandikia macho. Aliandikia midomo ya watu wake, kisha midomo ikahama na kuacha tahajia nyuma.

Guni la pili liko Marekani. Huko, neno of likitiwa mkazo linasikika na irabu ile ile ya love. Kwa Mwingereza irabu ya of iko karibu na o yetu, kwa hivyo hakuna kina hapo. Mtunzi wa nyimbo wa Marekani amepata kina kamili cha tano, na amekitumia mpaka kikachakaa. Ni nyimbo ngapi za mapenzi za huko zinaishia na mtu anayeotwa, anayefikiriwa, anayezungumziwa, alimradi sentensi ifungwe na of? Kina kimoja cha ziada na tayari sarufi ya kutongoza imebadilika.

Guni la tatu ni la konsonanti: enough, rough, tough. Irabu ni ileile, v na f zinatoka mahali pamoja mdomoni, tofauti ni kama koo linatetema au halitetemi. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote ya London. Love na enough zikikaa pamoja, sikio linasikia kitu kilichokaribia kutosha lakini hakijatosha, na hiyo ni habari ya mapenzi yenyewe.

Emily Dickinson aliishi katika eneo hili la karibu-karibu. Alipokufa mwaka 1886 aliacha mamia ya mashairi ambayo hayakuwa yamechapishwa, na wahariri wa kitabu cha kwanza cha mwaka 1890, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, wakaona huruma. Wakanyoosha baadhi ya vina ili visiwaudhi wasomaji. Leo wahariri wamerudi kwenye miswada yake, na ule unyooshaji ndio unaoonekana kama kosa. Naye Wilfred Owen, akiandika kuhusu vita vya kwanza vya dunia, aliacha konsonanti zifanane na irabu zitofautiane, kinyume cha kawaida, na sauti inayotoka ni ya mlango usiofunga vizuri. Hakuna aliyesema Owen hajui vina.

Guni la nne ndilo limenifanya niandike. Love na have.

Miaka michache iliyopita niliketi kwenye meza ya majaji watatu wa shindano la mashairi ya shule za upili, shindano ambalo sitalitaja. Kulikuwa na shairi la Kiingereza la msichana wa kidato cha tatu kuhusu shangazi aliyemlea. Si shairi la kisanii sana, lakini lilikuwa na kitu. Kila ubeti uliishia kwa maneno mawili hayo, love na have, na kila mara have ilibeba maana nyingine: kuwa na chakula, kuwa na mtu, kutokuwa na kitu kabisa. Ubeti wa mwisho ulipofika, ulikuwa umeshajua neno gani linakuja na ulikuwa unaliogopa. Hiyo ndiyo kazi ya kina.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu mpaka leo, alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila have na kuandika pembeni: si kina.

"Mwalimu," nikamwambia, "hebu tusomee ubeti mmoja kwa sauti."

Akasoma. Sauti nzuri, ya mtu aliyesimama mbele ya madarasa miaka mingi. Lav, akasema. Hav, akasema. Jaji wa tatu akacheka, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

"Najua unachotaka kusema, kijana wangu," Mwalimu akanijibu. "Sisi tunatamka vibaya. Lakini hatuwezi kumpa mtoto alama kwa sababu sote tunatamka vibaya."

Tukapiga kura. Mbili kwa moja, na jaji aliyecheka alikuwa upande wa Mwalimu. Shairi halikuvuka kaunti.

Nimeifikiria ile hoja mara nyingi, na siwezi kusema ni ya kijinga. Mwalimu alikuwa na woga wa halali: huyu mtoto kesho ataenda mahali ambapo sikio lingine litamhukumu, afadhali ajue sasa. Ninachopinga ni neno "vibaya". Kiingereza cha Kenya si Kiingereza cha London kilichoanguka njiani kutoka uwanja wa ndege. Kina mfumo wake. Wataalamu wameueleza zamani, Josef Schmied akiwa mmoja wao katika kitabu chake English in Africa cha mwaka 1991: irabu nyingi za Uingereza zinakusanywa kwetu na kuingia katika chache, karibu na tano zile tunazozijua kutoka Kiswahili na lugha zetu nyingine. Irabu ya love, irabu ya have na irabu ya starve ni tatu tofauti kule. Hapa, kwa wengi wetu, zote zinaingia kwenye a moja. Ongeza serve, ambayo wapo wanaoipeleka upande wa e lakini wengi wanaitamka kwa a ile ile, na sasa una irabu nne za London ndani ya kikapu kimoja.

Msichana yule hakuandika kina guni. Aliandika kina kamili, kwa kipimo chochote cha Kiingereza unachotaka: irabu yenye mkazo ni moja, kinachofuata ni kimoja, konsonanti iliyotangulia ni tofauti. Hata mwanamume aliyemnyima alama alikithibitisha kwa kinywa chake mwenyewe.

Na nani aliandika ile orodha ambayo Mwalimu alikuwa akiitumia kichwani? Mojawapo ya kamusi za vina za mwanzo zenye sifa kwa Kiingereza ni ya John Walker, ya mwaka 1775. Walker aligawa vina mara mbili: vilivyo kamili, na vile alivyoviita vya kuruhusiwa. Angalia hilo neno. Kuruhusiwa na nani? Na washairi wakubwa waliomtangulia: alitafuta mifano kwao, na kilichokuwa na mfano kikapewa kibali. Mwaka 1791 Walker huyo huyo akatoa kamusi ya matamshi, iliyokuwa na sehemu nzima ya kanuni za kuwafuata wenyeji wa Scotland, wa Ireland na wa London kwenyewe, ili waache kutamka kama walivyozaliwa. Kwa hivyo mwamuzi wa vina na mwamuzi wa matamshi alikuwa mtu mmoja, na wa kwanza kuambiwa wanatamka vibaya hawakuwa Waafrika. Walikuwa majirani zake.

Halafu kuna John Keats. Keats alikuwa mtoto wa London asiye wa tabaka la juu, na alifunga thorns na fawns kwa sababu kinywani mwake r ya thorns haikusikika. Mwaka 1818 jarida la Blackwood's la Edinburgh lilimshambulia pamoja na wenzake, likiwaita shule ya ushairi ya Cockney, yaani ya watu wa hali ya chini wa London, na vina vyao vya Cockney vikiwa sehemu ya kejeli. Leo hiyo r imekufa katika matamshi ya kifahari ya Uingereza, matamshi yale yale ambayo shule zetu zilirithi kama kipimo. Mtangazaji wa BBC akisoma thorns na fawns, vinafungana barabara. Kilichokuwa aibu ya mtoto wa mjini kimekuwa sheria, na sisi tumekariri sheria bila kusimuliwa aibu.

Kwa hivyo wacha nifanye hesabu upya, kwa mdomo wa Nairobi. Vina kamili vya love: above, dove, glove, shove, have, halve, starve, carve, serve, deserve, observe, reserve, preserve, nerve, curve, swerve. Kutoka vinne hadi kumi na sita, na sijamaliza.

Idadi yenyewe hainivutii sana. Tazama maana. Kina kinampangia mshairi mawazo kabla hajajua. Ukishaandika love mwishoni mwa mstari, maneno yanayoweza kuja yameshajipanga foleni. Foleni ya London ina ndege, mbingu na vazi la mkono. Ndiyo mapenzi ya bustanini hayo. Foleni yetu ina kuwa na kitu, kufa njaa, kutumikia, kustahili, kuweka akiba, ujasiri wa kuthubutu. Love na starve! Mshairi wa Uingereza hawezi kuyagonganisha hayo maneno mawili kama vina kamili hata akitaka. Msichana wa kidato cha tatu anaweza, bure, kwa kufungua mdomo tu. Na alipochagua have kati ya yote, alichagua neno ambalo maskini analijua kwa undani kuliko tajiri.

Sisemi kila kitu kipite. Nimekaa kwenye majukwaa ya ushairi wa kutamka hapa Nairobi usiku mwingi, na ugonjwa mkubwa pale si vina guni. Ni vina kamili kupita kiasi. Nation, situation, frustration, education, liberation, zinamiminika kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka, na umati unapiga vidole. Hakuna kamusi itakayopinga vina hivyo, na vimekufa. Unajua kinachokuja kabla mshairi hajavuta pumzi, na kikija hakikufanyii lolote. Bora love na enough mara moja kuliko -tion ishirini.

Kipimo changu ni kimoja: mshairi asiwe na midomo miwili. Ukifunga love na have, basi wewe ni mtu wa a moja, na nitakusoma hivyo mpaka mwisho. Ukifika ubeti wa tatu ukaanza kucheza na tofauti ya cut na cat, nitakuuliza umeitoa wapi. Yule msichana hakuteleza hata mara moja. Nililiangalia shairi kwa makini, maana nilijua nitaulizwa.

Sasa kuna jamaa wa Mombasa atakayeniuliza swali gumu, na ana haki. Kama mdomo ndio sheria, je, radhi na kazi ni vina? Huku bara kuna watu wengi sana ambao dh na z kwao ni kitu kimoja. Wanasema zahabu, wanasema zambi, na hawasikii tofauti yoyote. Arudhi inasema hapana: dhi si zi. Nikimtetea mtoto wa bara kwenye Kiingereza, nitamtupa kwenye Kiswahili?

Siwezi. Kanuni ni ile ile. Lakini gharama si ile ile, na ningemwambia mshairi wa bara wazi kabisa. Kiswahili kina watu wanaoishi katika tofauti hiyo kila siku, hapa hapa nchini, na mapokeo yote ya vina yamejengwa juu ya masikio yao. Akifunga radhi na kazi, kwa msomaji wa Mombasa amemtolea guni, na amefanya hivyo ndani ya nyumba ya mwenzake. Huenda shairi likastahimili. Kwa love na have hakuna Mkenya anayeachwa nje isipokuwa aliyejizoesha kusikia kwa masikio ya mbali.

Isitoshe, Pwani yenyewe inajua mchezo huu. Kwa Kimvita macho ni mato na nchi ni nti. Mshairi akiandika mato amefungua mlango wa vina vya to, ambavyo Kiswahili sanifu kimemfungia ndani ya cho, na hakuna mhakiki anayempigia mstari mwekundu. Tunaita uhuru wa mshairi na tunaufundisha shuleni, na majina yake tunayatahini: inkisari, mazida, tabdila. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapewa alama kwa kutaja uhuru huo kwenye karatasi ya Kiswahili. Baada ya mapumziko, kwenye somo la Kiingereza, anakatwa alama kwa kuutumia.

Wanamuziki hawakungoja majaji. Kalamashaka walipotoka Dandora na "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, walileta kwenye Kiswahili kina kinachoanzia kwenye mkazo, silabi mbili au tatu kwa pamoja, kama rapu ilivyozoea, na hakuna aliyewauliza Amri Abedi angesemaje. Marapa wetu wanaochanganya lugha wanafunga neno la Kiingereza na la Kiswahili katika pumzi moja, jambo linalowezekana kwa sababu tu irabu zao za Kiingereza zimeshakuwa irabu za Kiswahili. Mtu akitamka love kama London, hawezi kuifunga na lugha yetu. Lav inaweza.

Na tukishatoka kwenye love, kuna neno heart. Huko kwao linafungwa na part, start, apart, art, na nyimbo zote zilizowahi kuandikwa kuhusu kuachana. Kwa wengi wetu hapa, heart, hurt, hut na hat ni sauti moja: moyo, maumivu, kibanda na kofia. Hivyo hata si vina tena, ni neno moja lenye milango minne, na kwa sheria ya Kiingereza neno halifungwi na lenyewe. Mshairi atakayesimama jukwaani na kulitamka mara nne, akitaka tuchague wenyewe lipi ni lipi, bado sijamsikia. Ninamngoja.